Ajenda ya Saba

Nyumbani, 3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na naamini nawe huko makao makuu hujambo na kile kifua kimetulia. Wifi yako anakusalimu. Goti bado linamsumbua, ila ulimi haujaguswa. Cherehani yangu imelala siku kumi na wateja wananinunia, lakini si bure, utaona sababu. Binti yako Kasuku ni mzima na anarefuka ovyo. Sare niliyomshonea Desemba imeshakuwa kaptula ya mtu.

Sasa kaa vizuri. Kaka yako amechaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule! Wazazi waliohudhuria walikuwa sita, na wawili kati yao waliingia kukwepa mvua, lakini kura ni kura. Kinyozi alikuwa anakitaka kiti hicho kufa na kupona, tukampa umakamu ili anyamaze. Muuza bucha ni mjumbe, na yule mama wa duka la dawa ni mjumbe. Mwalimu Mkuu naye yumo, kazi yake ni kusema "sawa kabisa".

Nimeikuta kamati imelala usingizi wa pono. Mwaka mzima walikutana mara mbili, na mihtasari iliandikwa na Mwalimu Mkuu kwenye daftari lake la kuku. Mwandiko wake unaujua. Ungeweza kudhani kuku wenyewe ndio walioandika. Na mwaka huu idara yenu imeleta shindano la Kamati Bora, lenye ngao ya shaba! Nimeipitia fomu yenu mstari kwa mstari. Inataka vikao, inataka kamati ndogo, inataka muhtasari wa kila kikao, nakala saba. Mashine ya chapa ya shule imevunjika herufi "a". Hebu jaribu kuandika "Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe" bila hiyo herufi uone utakavyochekwa.

Basi nikauliza: hapa shuleni nani ana mwandiko? Wote kwa sauti moja: Mwalimu wa darasa la tatu. Dada, mwandiko wa yule mama umenyooka utadhani umepigwa pasi. Tumemwazima awe Katibu wa Kamati. Kwa muda tu.

Ndiyo, ni yule mwalimu wa Kasuku. Usiwe na hofu, mtoto kitabu anakijua kama maji.

Kaka yako,
Mwenyekiti

*

Makao makuu, 26 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Na wifi mwambie namwamkia, nimepata dawa ya goti, nitaituma akipatikana mtu wa kuja huko. Mimi nipo. Chumba changu kina dirisha moja nalo linatazama ukuta, na ofisini nimepewa meza ya pembeni ambako faili zote za kamati za shule zinapita kabla ya kwenda kabatini. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu.

Hongera kwa kiti. Baba angekuwa hai angeitisha watu. Kuhusu ile fomu, usinisifie mimi, ni kazi ya ofisi.

Kaka, unakumbuka siku ninaondoka? Kasuku alikuwa anazitambua herufi mojamoja, lakini kuziunga neno hawezi. Mwalimu wa darasa la tatu alinishika mkono pale langoni, akaniambia mwaka hautaisha kabla mtoto huyu hajasoma barua zako mwenyewe. Kwa neno hilo nilipanda gari. Nisingelisikia, ningerudi ndani nifungue mizigo. Kwa hiyo "kwa muda tu" ni muda gani?

Mwambie Kasuku aniandikie mistari miwili kwa mkono wake, hata ikipinda. Na haya nakuomba umsomee yeye, neno kwa neno:

Kasuku mwanangu, kama kusoma bado hujui, sema tu hujui. Sitakugombeza hata kidogo. Nitaomba ruhusa nije nikuchukue, nikufundishe mwenyewe huku.

Nasubiri jibu lake.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 2 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu. Hatujambo. Goti la wifi yako limepata nafuu baada ya kumgombeza jirani. Barua hii naisema mimi na anaiandika Katibu, kwa hiyo ukiona imenyooka usishangae. Kuchelewa kwangu nisamehe. Tangu uandike tumekaa vikao tisa.

Kazi imechanganya, dada! Tumeunda Kamati Ndogo ya Kengele. Unaikumbuka kengele ya shule, ile rimu ya gurudumu inayoning'inia kwenye nguzo? Ilikuwa inagongwa na yeyote, kwa chochote. Tumejadili nani agonge, kwa chuma cha urefu gani, na mara ngapi. Vikao vinne. Kinyozi alitaka mapigo matano, mimi matatu, na mpaka tunapatana wiki mbili kengele haikugongwa kabisa, watoto wakawa wanakwenda nyumbani wakisikia njaa. Ipo pia Kamati Ndogo ya Mapokezi, kwa ajili ya mgeni atakayeleta ngao. Nimeshona kitambaa cha meza cha kijani chenye upindo wa njano. Ukikiona utadhani ni bunge.

Tunakutana chumba cha darasa la tatu kwa sababu ndicho chenye mlango unaofunga. Watoto wanasomea barazani, hewa safi. Na huko barazani, nikwambie, anayeongoza darasa kusoma ni nani? Kasuku wako! Anashika kitabu, anasema ukurasa mzima bila kukwama, wenzake wanaitikia. Mwalimu Mkuu akipita anasema sawa kabisa.

Barua yako nimemsomea, akafurahi. Mistari yake hii hapa:

"Mama mpendwa, natumaini u buheri wa afya. Masomo yanaendelea vyema chini ya usimamizi madhubuti wa Kamati. Wako mtiifu, Kasuku."

Kaka yako,
Mwenyekiti

*

Makao makuu, 24 Aprili

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Poleni na mvua, nasikia huko imezidi. Dawa ya wifi nimempa dereva wa idara anayekuja upande wenu. Ni ya kupaka, si ya kunywa, mwambie mapema kabla hajaamua mwenyewe.

Faili lenu la miezi mitatu limefika mezani kwangu. Alama tisini na sita. Hakuna shule iliyofika hapo. Mkuu wangu alilipima kwa mkono, akasema, "Hii sasa ndiyo shule." Kwa hiyo kikazi nakupongeza.

Nyumbani sasa. Mtoto wa miaka tisa hasemi "usimamizi madhubuti". Na mwandiko wa Kasuku unafanana na wa Katibu wenu mpaka mkia wa herufi "y". Kaka, sikuzaliwa jana.

Nakuuliza maswali mawili, na usinijibu kwa kengele. Darasa la tatu anafundisha nani? Na yale maneno yangu ya Februari, ulimsomea Kasuku?

Mdogo wako

*

Nyumbani, 12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Wifi yako alionja kidogo ile dawa kabla ya kupaka, lakini ameamka vizuri.

Barua yako ilinichoma, nikaona nisikujibu kwa hasira, ndiyo sababu umesubiri. Wewe ulisoma, ukaenda kwenye ofisi zenye feni, mimi nikabaki na cherehani. Leo kwa mara ya kwanza mtu ananiita "mheshimiwa" bila kutaka nimpunguzie bei ya suruali, na wa kwanza kunitilia mchanga ni damu yangu mwenyewe! Alama tisini na sita mmezitoa nyinyi. Ama shule yetu ni nzuri ama ofisi yenu ni ya waongo, chagua.

Umeuliza nani anafundisha. Shule ina walimu. Suala la mgawanyo wa vipindi limo katika ratiba ya Kamati Ndogo ya Taaluma, ambayo itaundwa mara tu Kamati Ndogo ya Kengele itakapowasilisha ripoti yake ya mwisho. Kasuku hajambo, anaimba, anakula. Kikao cha ishirini na sita kinaanza sasa hivi, naishia hapa nitie saini.

Kaka yako,
Mwenyekiti

Mwandishi anaongeza: Mama Kasuku, Mwenyekiti ametia saini bila kusoma, kama anavyofanya siku zote, kwa hiyo naandika bila wasiwasi. Darasa la tatu halijafundishwa tangu tarehe kumi Februari. Binti yako hajui kusoma. Anakariri kitabu kwa kuwasikiliza watoto wa darasa la nne dirishani, kisha anageuza kurasa kwa kukisia. Ni mwerevu kupita kiasi na anaogopa kupita kiasi. Niliwaambia wajumbe kwa mdomo mara mbili. Walinijibu niyaandike kwenye mengineyo. Niliyaandika. Ajenda ya saba, kila kikao, nakala saba.

*

Makao makuu, 23 Juni

Kaka,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Barua yako ya mwisho ina nyongeza chini ya saini yako. Kama huamini, niulize mimi maana ninayo, wewe unayo saini tu. Usimguse yule mama. Ukimgusa, nitakuja kwa miguu.

Nililichomoa faili lenu kabatini, pamoja na mihtasari mliyoleta tangu Aprili. Nikavuta muhtasari wa kwanza, nikashuka moja kwa moja hadi ajenda ya saba, mengineyo. "Kikao kilijulishwa kuwa darasa la tatu halina mwalimu, kwa kuwa mwalimu wake ndiye anayeandika muhtasari huu." Nikavuta wa pili. "Kikao kilikumbushwa kuwa watoto arobaini na wanne wa darasa la tatu hawafundishwi." Wa tano: "Kikao kilikumbushwa tena, kikaendelea na suala la kitambaa cha meza." Ishirini na sita, kaka. Zote zina saini yako yenye ule mkia mrefu ulioubuni.

Na zote zina muhuri wangu. Ni muhuri wa mpira, wino wa bluu, umeandikwa IMESOMWA. Niliugonga mwenyewe mara ishirini na sita. Nilikuwa nahesabu kurasa.

Nikwambie na lile nililolificha Februari. Fomu ile niliitunga mimi. Ndiyo iliyonipandisha cheo, ndiyo iliyonileta huku, ndiyo iliyofanya nimwache mwanangu. Unajua kwa nini nakala saba? Tulikuwa watu saba kwenye ile meza, kila mmoja akataka yake. Ina maswali arobaini. Hakuna hata moja linalouliza kama mtoto anajua kusoma, kwa sababu mkuu wangu alisema hilo ni la darasani na sisi tunapima usimamizi. Nikasema sawa kabisa. Kwa hiyo usidhani nakucheka.

Naomba kitu kimoja. Kikao kijacho mwite Kasuku, mpe muhtasari, asome ajenda ya saba mbele ya wajumbe. Akisoma, nitakupigia magoti nikuombe radhi.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 19 Agosti

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wangu, utavumilia. Hatujambo.

Nilitaka kukuaibisha, sikufichi. Niliweka kikao, nikatandika kile kitambaa, nikaagiza Kasuku aitwe kutoka barazani. Akaja, viatu mkononi, akasimama wima kama askari. Nikachagua karatasi ya pili ya muhtasari, ile yenye ajenda ya saba, nikampa. "Soma, mwanangu, wakusikie."

Akasoma. "Kikao kilifunguliwa na Mwenyekiti saa tatu kamili asubuhi kwa kuwakaribisha wajumbe wote." Bila kukwama, dada! Muuza bucha akapiga makofi. Mama wa dawa akasema huyu atakuwa hakimu. Mimi kifua kikanijaa, nikaanza kupanga barua nitakayokuandikia.

Kinyozi alikuwa amekaa ubavuni kwake. Akachungulia, akasema, "Mwenyekiti, mbona huo ufunguzi tunaosomewa kila kikao uko ukurasa wa kwanza? Huu alioushika ni wa pili."

Nikamwekea mtoto kidole kwenye mstari. "Soma hapa." Akaniangalia mimi, hakuiangalia karatasi. Halafu akaanza tena, polepole, akidhani labda kosa lake lilikuwa haraka: "Kikao kilifunguliwa na Mwenyekiti..." Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haikutetereka. Mpaka mwisho alimaliza. Hakuna aliyepiga makofi.

Nikavaa miwani, nikaisoma mwenyewe ile ajenda ya saba. Kwa sauti, maana nilikuwa nimeshaanza. Kisha nikasoma saini yangu.

Dada, mimi ni fundi. Sijawahi kumpa mteja nguo bila kuigeuza nje ndani nitazame mishono, hata kitambaa cha kufutia vyombo nakigeuza. Karatasi hizi sikugeuza hata moja. Zilikuwa zimenyooka mno.

Mwalimu Mkuu alifungua mdomo, nadhani alitaka kusema sawa kabisa, akaufunga. Mwalimu wa darasa la tatu akafunika kalamu yake. Akakikunja kile kitambaa cha kijani mara nne, akaniwekea mapajani, akasema, "Nina darasa." Akawaita watoto, wakaingia sisi tukiwa bado tumekaa. Arobaini na wanne. Ilibidi tupite kati yao kutoka.

Siku hizi Kamati inakutana kwa kinyozi, pale penye benchi la wateja, mtu akinyolewa anachangia. Hakuna anayeandika. Tumekwisha tengeneza paa la baraza na kupata madawati sita, sijui ilikuwaje ikawezekana haraka hivyo.

Ngao najua tumeikosa. Kuhusu yale maneno ya Februari uliyotaka nimsomee Kasuku, hilo tutaongea.

Kaka yako

*

Makao makuu, 2 Oktoba

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sina la kukulaumu ambalo halinirudii mwenyewe, kwa hiyo na tuachane nalo. Wifi hongera kwa goti. Hilo "tutaongea" nimeliona, sijalipita.

Ngao imekwenda kwa shule iliyokaa vikao hamsini na moja. Niliuliza watoto wao wanasomea wapi, nikajibiwa kuwa swali hilo halimo kwenye fomu. Basi nikaliingiza. Swali la arobaini na moja: mwite mtoto yeyote wa darasa la tatu, mpe ukurasa asioujua, asome. Mkuu wangu aliniuliza jibu lake litagongwa muhuri gani. Jumatatu iliyofuata nilihamishiwa ghala la fomu. Nafunga na kufungua maboksi. Kifua hakipendi vumbi, lakini angalau muhuri nimeurudisha.

Likizo ya Desemba nimeomba. Hawajanijibu. Usimwambie Kasuku kitu, nisije nikamdanganya.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 28 Novemba

Mama,

Shikamoo. Hujambo kikohozi. Mimi sijambo. Naandika mwenyewe. Mwalimu yuko darasani lakini hanisaidii, amesema hata ikipinda.

Mjomba amenipa barua zako zote kwenye bahasha ya kitambaa aliyoishona. Kijani. Amesema nisome mwenyewe kila kitu halafu nikimaliza nimwambie kama nimemkasirikia. Akaenda kukaa nje.

Nimesoma siku nne. Ya Februari nimeisoma mara mbili kwa sababu Mjomba alipokuwa ananisomea ilikuwa fupi. Kumbe ulisema nikiwa sijui kusoma niseme tu sijui, utakuja kunichukua.

Hapo hakunisomea.

Mimi ningesema sijui, mama. Ningesema siku ile ile.

Nimemwambia Mjomba sijamkasirikia lakini kidogo nimemkasirikia. Amesema sawa, hakusema kabisa.

Na ya Oktoba nimeisoma. Ile umeandika usimwambie Kasuku kitu.

Sasa najua kusoma. Njoo hivyo hivyo.

Kasuku